Shati la Mbwinji Jazz

Bahasha ililetwa na utingo wa basi la Nachingwea siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Catherine akiwa anapiga pasi sketi za sare za shule. Ilikuwa bahasha ya kaki, imebandikwa gundi, na juu ya gundi imepigwa pini tatu, utadhani ndani mna matokeo ya mtihani. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MZEE JONASI, MPIGA SOLO WA MBWINJI JAZZ, KWA FUNDI CATHERINE, RUANGWA. Maneno MPIGA SOLO yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Nani amekata hapa?" Catherine akauliza.

"Mama Skola, mimi napewa bahasha tu, kalamu siijui," utingo akajibu, ameshadandia mlango wa basi.

Catherine akaweka pasi ya mkaa juu ya kigae, akazing'oa pini kwa ncha ya mkasi. Barua za baba mkwe wake alizifungua yeye siku zote. Miwani ya mzee ilikuwa imebaki na mkono mmoja na kioo kimoja kizima, na asiposomewa anaishia kugeuza geuza karatasi.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni fotokopi ya picha, imetolewa kwenye mashine iliyoishiwa wino. Vijana watatu wamesimama studio mbele ya pazia. Mmoja ameshika manyanga, mmoja ameegemea tumba, na wa katikati ameshika gitaa, kofia pana imemfunika uso mpaka puani. Karatasi ya pili ilikuwa barua ya mwalimu Abdalah, mwenyekiti wa wapenzi wa bendi.

"Mzee Jonasi, salamu. Mwaka mzima umetueleza kuwa iko picha ya studio ya mwaka 1972, na kuwa aliyeshika gitaa humo ni wewe. Picha imepatikana Chiola, kwa Beatrisi, binti wa marehemu Kornel. Kila ulichosema kimo: kofia, manyanga, tumba, mashati ya drafti. Lakini mpiga gitaa anapiga kwa mkono wa kushoto kama Kornel alivyopiga, na nyuma ya picha pameandikwa Kornel, Jumanne na Saadi. Wewe si wa kushoto, na jina lako halimo. Jumapili saa nane kamati inakutana ukumbini, Nachingwea. Uje ujieleze. Uje na shati."

Catherine aliisoma mara mbili. Mara ya pili macho yake yalisimama kwenye maneno ya mwisho. Uje na shati.

Hao wapenzi wa Mbwinji Jazz hawakuwa watu wa kutaniwa. Bendi yenyewe ilikwishakufa, vyombo vikauzwa, wanamuziki wakafa mmoja mmoja au wakapotelea Msumbiji baada ya uhuru wa huko. Wapenzi hawakufa. Walijuana kwa kadi za salamu za redioni: mtu wa Masasi anamsalimia mtu wa Nanganga asiyemjua hata sura, anaomba wimbo wa bendi yao, na wiki inayofuata wanaandikiana barua. Walitumiana vipande vya magazeti, kaseti zilizorekodiwa juu ya kaseti nyingine, picha zilizoliwa na mchwa pembeni. Waliweza kubishana miezi mitatu nani alipiga besi katika wimbo wa upande wa pili wa sahani ya santuri. Mwalimu Abdalah, ambaye alikuwa amestaafu na hakuwa na darasa lingine, aliandika yote katika daftari gumu. Jambo la hakika aliliandika kwa wino wa bluu. Jambo la wasiwasi aliliandika kwa wino mwekundu.

Mwaka huo wa 2003 ulikuwa wa thelathini tangu Kornel afariki. Kornel ndiye aliyekuwa bendi. Alikuwa mkimbizi kutoka Msumbiji, mpiga solo kwa mkono wa kushoto, akafa lori la bendi lilipopinduka. Wengi wa wapenzi hawakumwona hata siku moja, walimjua kwa mlio wa gitaa lake tu. Walikuwa wamepanga maadhimisho mwezi wa nane, na mgeni rasmi alikuwa mzee Jonasi, mwanamuziki pekee aliyebaki hai, aliyesema alikuwa akipokezana solo na Kornel. Kamati ilinunua kitambaa cha drafti, buluu na nyeupe, wakamletea Catherine amshonee mkwewe shati kama lile la picha aliyowahadithia.

Alilishona vizuri, kwa kuwa hakujua kushona vibaya. Alifundishwa na fundi Eustace wa Nachingwea, mzee aliyekuwa akifumua shati zima kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda. Na mzee Jonasi alisema ni Eustace huyo huyo aliyeshona mashati ya bendi. Siku ya kubandika mfuko mzee alisogeza kigoda karibu na cherehani.

"Kushoto, mkwe wangu. Eustace alikuwa akisema sigara za mwanamume zikae upande wa moyo."

"Nimesoma kwa Eustace, baba. Usinifundishe mfuko."

Tangu siku hiyo mzee alikuwa akilivaa shati kila jioni, anakaa nalo kidogo, analivua, analikunja.

*

Mzee Jonasi alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta mbaazi.

"Baba, kuna barua."

"Ya sherehe?"

"Ya kesi."

Akamsomea. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia ukingoni mwa ungo. Kisha akaomba ile fotokopi, akaisogeza karibu na kioo kizima cha miwani.

"Imetoka wapi, umesema?"

"Si nimesoma? Chiola. Kwa binti wa Kornel."

"Kumbe bado anayo," mzee akasema taratibu, kama anayezungumza na ungo.

Catherine akalidaka neno hilo hapo hapo. "Kwa hiyo ulikwishaiona kwake."

Mzee akamrudishia fotokopi.

"Baba, nakuuliza wewe. Uliiona picha hii ukutani kwa watu, ukaja kutuhadithia sisi kuwa ni wewe?"

"Jumapili nitakwenda."

"Kusema nini?"

"Nitakwenda tu, mama Skola." Akarudi kwenye mbaazi zake, na mbaazi zilimwagika nje ya ungo, naye hakuziokota.

Catherine alirudi barazani kwenye cherehani, lakini mguu wake ulikataa kukanyaga. Mtu anayesingiziwa hupiga kelele, aliwaza. Huapa. Huita majirani. Huyu amenyamaza. Miaka minne wamekaa naye, tangu mama mkwe afariki na mzee kuhama kutoka Likunja, na kila mgeni aliyekaa kwenye kibaraza hiki aliondoka amesikia habari za solo ya Mbwinji Jazz. Mwezi uliopita mzee alimwomba shilingi mia tano anunue waya wa breki ya baiskeli. Alisema nyuzi nyembamba za gitaa hupatikana humo: unaukata waya, unaufumua, unachukua uzi mmoja mmoja. Catherine hakumpa. Nyumbani hakuna baiskeli, na gitaa lililoning'inia nyuma ya mlango wa mzee halikuwa na uzi hata mmoja, mjusi ndiye aliyekuwa akitagia humo. Mia tano ile, alijiambia siku ile, ni ya pombe. Sasa alijiambia hivyo tena, kwa uhakika zaidi.

Mwanaheri, jirani aliyekaanga vitumbua upande wa pili wa njia, alikuwa ameshamwona utingo. Hakukawia kuvuka, na kijiti cha kugeuzia vitumbua mkononi.

"Mama Skola, nasikia mgeni rasmi kawa mshitakiwa."

"Umesikia kwa nani? Bahasha ndiyo kwanza imefunguliwa."

"Utingo ana mdomo, shoga yangu. Eti mzee kajipachika kwenye picha ya marehemu?"

"Vitumbua vyako vinaungua."

"Haviungui. Mie nimekuja kukupa pole tu."

"Pole ya nini? Kuna msiba hapa?"

Mwanaheri akacheka, akarudi kwenye kikaango. Kabla jua halijafika utosini wateja wawili wa sketi walikuwa wamekwishamuuliza Catherine habari za babu wa gitaa.

Mumewe, Selestini, alikuwa karani wa ghala la chama cha msingi, na mchana alirudi kula akiwa na vumbi la magunia kwenye nyusi. Catherine hakumngoja anawe.

"Soma hii."

Akasoma. Akakunja barua, akaikunjua tena. "Labda wamekosea."

"Wamekosea mkono wa kushoto? Mwenzangu, sikiliza. Mimi katika mji huu nakula kwa jina. Mtu ananiletea kitambaa chake cha harusi kwa sababu anajua Catherine haongopi, akisema Ijumaa ni Ijumaa. Shati la uongo nimelishona mimi, kwa mkono wangu, na watu wamemwona mzee akilivaa hapa barazani mwezi mzima."

"Huyo ni baba yangu, Cathe."

"Sijasema si baba yako. Nimesema ni mwongo."

Selestini akamega ugali, akauacha kando ya sahani. "Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipigia gitaa."

"Gitaa hata walevi wa sokoni wanapiga. Kupiga gitaa siyo kuwa Mbwinji Jazz. Jumapili nakwenda naye mwenyewe. Nitaiona hiyo picha kwa macho yangu, siyo kivuli hiki cha mashine. Ikithibitika, mzee arudi Likunja kwa mdogo wako. Akahadithie huko."

"Utamfukuza mzee?"

"Sitamfukuza. Nitamfungia mizigo vizuri."

Selestini aliisogeza sahani kando. Alimjua mkewe: mwanamke huyu akisema Ijumaa ni Ijumaa.

*

Jumapili walifika Nachingwea saa saba u nusu. Mzee alikuwa amelivaa lile shati. Catherine alimwambia alibebe kwenye mfuko, lakini mzee akasema, "Wameandika niende nalo. Hawakuandika nilibebe wapi."

Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini, na ukutani wapenzi walikuwa wamebandika mali zao: vipande vya magazeti vilivyogeuka rangi ya chai, majalada ya sahani za santuri, picha za kumbi ambazo wanamuziki wanaonekana kama madoa. Meza moja ilikuwa na kaseti zimepangwa kwa miaka. Mzee alipoingia, mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena kwa chini.

"Kaja na shati, mwone."

"Hana haya huyu."

"Mwaka mzima tunamnunulia soda."

Katika safu ya mbele alikaa Beatrisi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga kanga mpya isiyofuliwa hata mara moja. Alipakata kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Chini, miguuni pake, mtoto wa kike wa miaka sita alikuwa anachora nyumba kwenye kipande cha boksi.

Mwalimu Abdalah alikuwa amekaa mezani na daftari lake gumu, kalamu mbili zimelala kando kando. Hakumkaribisha mzee kiti.

"Mzee Jonasi, sisi hatuna ugomvi na wewe," akaanza, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuchapa. "Tunachotaka ni historia safi. Leo tukiandika uongo, kesho mtoto atausoma. Mwaka jana, hapa hapa, ulisema nini kuhusu picha ya studio?"

"Nilisema nilipigwa picha na Jumanne na Saadi."

"Na nani alishika gitaa?"

"Nilisema mimi."

"Beatrisi, mama, itoe."

Beatrisi akafungua taulo. Picha ilikuwa kwenye fremu ya mbao, kioo kimefutwa mpaka kinang'aa. Hakumpa mtu, aliinua tu kifuani watu waione.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Mimi nilizaliwa miezi minne baada ya yeye kufa. Sina kingine chake. Shati hakuacha, kaburi lake mvua ililisawazisha. Ninayo hii. Mama aliniambia mwangalie mkono, wa kushoto, ndiyo huyo. Na huyu mtoto wangu, shuleni walimchapa aandike kwa kulia, nikaenda na picha hii kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, mwone babu yake. Hawajamchapa tena."

Mtoto aliinua kichwa aliposikia anatajwa. Penseli ilikuwa mkono wa kushoto.

"Anaitwa nani?" mtu mmoja akauliza.

"Kornelia."

Ukumbi ukanong'ona kwa huruma. Catherine alihisi masikio yake yanawaka. Alisimama kabla hajaitwa.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi ndiye fundi niliyeshona shati hili, na huyu ni mkwe wangu. Naomba niione picha kwa karibu."

"Ya nini?"

"Nimetoa nauli kuja kuiona."

Beatrisi alisita. Kisha akamwambia, "Shika kwa mbao, dada, usiguse kioo," akampa.

Catherine akaenda nayo dirishani penye mwanga. Uso wa mpiga gitaa haukuwa na msaada, kofia ilikuwa imeula. Mkono wa kushoto, ndiyo, ulikuwa kwenye nyuzi. Basi, alijiambia, yamekwisha, Likunja. Halafu jicho lake likafanya kile lilichozoea kufanya kila siku ya Mungu: likaangalia nguo.

Mfuko wa shati ulikuwa kulia.

Akaangalia tena. Mwenye manyanga, mfuko kulia. Mwenye tumba, mfuko kulia. Akafuata safu ya vifungo kutoka shingoni mpaka tumboni. Upande wa kulia ulikuwa umelala juu ya wa kushoto, vile blauzi za kike zinavyofungwa. Mashati matatu ya kiume, yameshonwa na fundi Eustace, yote matatu kike na mifuko upande wa makosa. Eustace! Mtu aliyempiga Catherine rula ya mbao kwenye vidole kwa mfuko uliosogea nusu inchi. Shati moja angeweza kukosea akiwa na homa. Matatu, hapana. Mashati hayakuwa na kosa lolote. Picha ndiyo iliyogeuzwa. Mtu wa studio aliiweka filamu upande wa nyuma alipoisafisha, kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia.

Na kama picha imegeuzwa, basi kijana mwenye kofia alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia.

Damu ilimpanda Catherine kwa furaha, furaha ya mtu anayeshinda kesi. Aligeuka na fremu mkononi, mdomo umekwishafunguka. "Mwenyekiti, nyie watu wote mmeangalia mkono. Hakuna aliyeangalia..."

"Mkwe wangu," mzee Jonasi akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini miaka minne hakuwahi kumkatiza Catherine neno, hata pale Catherine alipostahili kukatizwa. Macho yake, moja nyuma ya kioo kizima na jingine nyuma ya ufa, hayakuwa ya mtu anayeomba aokolewe. Alikuwa ameyaelekeza kwa Beatrisi, kisha kwa mtoto aliyekaa chini na penseli yake, kisha yakarudi kwa Catherine. Na Catherine, ambaye aliwashuku watu kwa haraka na aliwaelewa polepole, safari hii alielewa.

"Hakuna aliyeangalia nini?" mwalimu Abdalah akauliza.

"Nilidanganya," akasema mzee Jonasi.

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti aligonga meza kwa kiganja.

"Sema yote, mzee."

"Picha hiyo niliiona kwa mjane wa Kornel, zamani. Nikaipenda. Mtu akizeeka anataka na yeye awe amewahi kuwa kitu. Huyo mwenye gitaa ni Kornel. Mimi nilikuwa nabeba spika."

"Kubeba spika!" mtu wa nyuma akapiga ukelele. "Mgeni rasmi, mbeba spika!" Watu wakacheka, na kicheko kilikuwa na hasira ndani yake.

Mwalimu Abdalah hakucheka. Alilifungua daftari, akatafuta ukurasa, akachukua kalamu ya bluu. Catherine alimwona akiandika pole pole, kwa mwandiko wa ubaoni, jambo la hakika.

"Na shati," akasema bila kuinua macho. "Shati ni mali ya kamati."

"Nimelishona bure," Catherine akasema.

"Kitambaa ni cha kamati, mama."

Mzee akaanza kufungua vifungo. Kifungo cha tatu kikakataa, na Catherine akaona hawezi kusimama tu. Akamfungulia yeye, mbele ya watu thelathini, kama anayemvua mtoto. Mzee alibaki na fulana yenye matundu mawili mgongoni, matundu ambayo Catherine alikuwa akiyaona kila wiki kwenye kamba ya kuanikia na kuahirisha kuyaziba. Alilikunja shati akaliweka mezani. Mwenyekiti akalisukuma kwa Beatrisi. "Hili ni haki ya familia ya Kornel."

Beatrisi alilipokea, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Mzee, mimi sina neno na wewe," akasema. "Hata kubeba spika ni kazi. Baba yangu ulimwona akipiga?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa anacheka kabla ya kupiga. Hata waya ukikatika, hata umeme ukizimika, anacheka kwanza."

"Kwenye picha hacheki."

"Studio walikuwa hawaruhusu kucheka, mama."

Beatrisi akatabasamu, akanyoosha mikono. Catherine aligundua kuwa fremu bado anayo. Akakifuta kioo kwa ncha ya kanga yake mahali alipogusa kwa bahati mbaya, akamrudishia mwenyewe.

"Aliyeshona mashati haya alikuwa fundi," akasema. "Mtunzie mtoto."

*

Walitembea kuelekea stendi. Mzee alikuwa amejitanda kanga ya Catherine mabegani, na watoto wawili barabarani walicheka. Kwenye ukuta wa ghala la zamani la karanga, Catherine akasimama.

"Mfuko uko kulia," akasema.

"Nilijua ungeuona. Ndiyo maana sikutaka uje."

"Ungeniambia."

"Ungesema. Wewe kusema ni rahisi kuliko kunyamaza, mkwe wangu. Sikutukani."

Catherine hakukana. "Kornel mwenyewe alikuwa wapi siku hiyo?"

"Nje ya studio, anatucheka. Alikataa kupigwa picha maisha yake yote. Mama yake na wadogo zake walikuwa bado Msumbiji, kwa Wareno. Aliogopa sura yake isije ikafika huko wakasumbuliwa. Akaniambia, Jonasi, shika wewe hilo gitaa, vaa na kofia yangu." Mzee akaivuta kanga mabegani. "Alipokufa, mke wake ana mimba. Siku ya kuondoa tanga watu wanauliza picha ya marehemu iko wapi, mama wa watu analia, atamwonyesha nini mtoto. Picha haipo. Haikuwahi kuwapo. Nikaenda kwa Bashiri wa studio. Nikamwambia, ile ya kwangu, igeuze. Nikaandika majina nyuma kwa mkono wangu. Na ya kwangu niliyokuwa nayo nikaichoma, zisije zikakutana mbili."

"Sasa kilichokufanya uanze kuwahadithia hawa watu ni nini?"

Mzee aliangalia chini, kwa aibu ya kweli kuliko ile ya ukumbini. "Walikuwa wananiuliza. Miaka thelathini hakuna aliyeniuliza. Nikajua Chiola ile picha imekwishaoza. Picha gani inakaa miaka thelathini kwenye nyumba ya makuti?"

"Inayofutwa kila siku," Catherine akasema.

Stendi, chini ya kibanda cha bati, fundi baiskeli alikuwa ametandaza vipuri vyake kwenye gunia. Catherine akachutama.

"Waya wa breki shilingi ngapi?"

"Mia tano, mama. Baiskeli aina gani?"

"Nimekuuliza bei, sikukuuliza baiskeli. Nipe mbili."

Mzee alizipokea zimeviringishwa kama pete kubwa, akazitia chini ya kanga, na mpaka Ruangwa hakuziachia.

*

Selestini alikuwa amekaa kizingitini anawangoja. Alimwona baba yake kwenye kanga, akaona shati hakuna, akainuka na uso umemshuka. Alingoja mpaka mzee aingie chumbani.

"Kwa hiyo nimwandikie mdogo wangu barua?"

"Ya nini?"

"Si ulisema Likunja?"

"Baba haendi popote."

"Kumbe si mwongo?"

"Ni mwongo," Catherine akasema, akivua viatu. "Tena mwongo ambaye sijapata kumwona. Niletee fulana zake zote, nizizibe."

Selestini alingoja maelezo, hayakuja. Akaenda kuleta fulana.

Jumatatu asubuhi Ruangwa nzima ilikuwa inajua. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi ambayo haijaisha, akasema atampelekea fundi mwingine. Catherine alimpa na vipande vilivyokatwa, akamhesabia na vifungo. Saa tatu Mwanaheri akavuka njia, safari hii na kitumbua kimoja kwenye sahani ili awe na sababu.

"Pole, shoga. Kwa hiyo mbeba spika."

"Ndiyo hivyo."

"Na majigambo yale yote! Miaka minne anatukalisha hapa, solo, solo. Kumbe hajawahi kushika gitaa."

"Hajawahi."

Mwanaheri aliinua kitumbua akitafuta neno jingine la kuchoma, kisha akasimama, kichwa kimeinama upande. Kutoka nyuma ya nyumba ulikuwa unakuja mlio mwembamba, kwanza ukijikwaa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, kisha ukashika njia. Ulipanda, ukageuka, ukajibiwa na wenyewe kwa chini, ukapanda tena. Mwanaheri alikuwa binti wa miaka kumi na sita bendi ilipokuwa inajaza ukumbi wa Nachingwea. Mkono wake wenye kitumbua ulishuka polepole mpaka kwenye sahani.

"Mama Skola. Nani huyo anapiga?"

Catherine alikuwa na fulana ya mzee chini ya sindano, tundu la pili. Hakuinua kichwa.

"Redio," akasema, akakanyaga cherehani.